Kerbal Space Program 2 inatoka Ijumaa: tusiishie kwenye kadi ya grafiki

#1, Mtoa mada, 19 Februari 2023

Wakuu, habari za Jumapili.

Zimebaki siku tano kabla ya Kerbal Space Program 2, gemu la kujenga na kurusha roketi, kuanza kuuzwa kama toleo la mapema, yaani gemu linalouzwa likiwa bado jikoni, na tangu mahitaji ya kompyuta yatangazwe sijaona mjadala uliovuka swali la kadi ya grafiki. Naelewa sababu. Kiwango cha chini kabisa ni RTX 2060 yenye GB 6 pamoja na RAM ya GB 12, na hapo unaahidiwa mwonekano wa 1080p huku mipangilio ikiwa imeshushwa. Anayetaka 1440p na mipangilio ya juu anaambiwa awe na RTX 3080 na RAM ya GB 16. Kadi hiyo ya 3080 ilipotoka Septemba 2020 ilitangazwa kwa dola 699, kwa hiyo sisi tunaocheza gemu la kwanza kwenye kompyuta mpakato za mtumba tumejikuta nje ya mlango hata kabla haujafunguliwa.

Nimeleta uzi huu kwa sababu naamini hofu hiyo, ingawa ni ya haki, imeelekezwa mahali ambapo hapataamua hatima ya gemu. Mzigo wa grafiki ni aina ya tatizo ambalo watengenezaji huweza kulipunguza kadiri miezi inavyokwenda: wanapunguza maelezo ya ardhi iliyo mbali, wanaandika upya namna ya kuchora mawingu na vivuli, na kadi yenyewe inashuka bei. Kinachonipa wasiwasi ni msingi, kwa sababu nyumba iliyokwisha kuezekwa haichimbiwi msingi mwingine bila kubomolewa.

Kwa wasiolifahamu, gemu la kwanza lilitengenezwa na Squad ya jijini Mexico City, ambayo ilikuwa kampuni ya matangazo na si studio ya magemu, baada ya mfanyakazi wao Felipe Falanghe kuruhusiwa kujaribu wazo lake. Toleo la kwanza la umma lilitoka Juni 2011. Unaunganisha roketi kipande kwa kipande, unairusha kutoka sayari ndogo ya Kerbin, kisha fizikia inakuuliza ulifikiria nini. Ukipanda juu hadi kilomita 70 bila kupata kasi ya kwenda upande, ya takriban mita 2,300 kwa sekunde, utarudi chini kama jiwe. Wapo watu wengi ambao hawakuwahi kuelewa maana ya obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari, darasani wakaielewa humo, nami ni mmoja wao.

Gemu hilo lina magonjwa mawili ambayo kila mchezaji wa siku nyingi anayajua. La kwanza ni idadi ya vipande. Kila kipande kinahesabiwa kama kitu kinachojitegemea, kilichoshikwa na jirani yake kwa kiungo chenye ulegevu fulani, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo inaangukia kiini kimoja cha prosesa. Ndiyo maana kituo cha anga chenye vipande 400 hugeuza gemu kuwa mfululizo wa picha za mnato, hata kama kadi yako ya grafiki imekaa bila kazi. La pili ni lile tunaloliita Kraken, yaani chombo kilichotulia kinachoanza kutetemeka na kujichana chenyewe bila kuguswa na mtu.

Sasa tazameni kilichoahidiwa katika mpango uliotolewa Oktoba iliyopita pamoja na tarehe ya kutoka. Ijumaa tunapewa ujenzi na urushaji huru, vipande vipya, mafunzo yenye vikaragosi, na uwezo wa kuharakisha muda huku injini ikiwaka. Baadaye, bila tarehe, itafuata sayansi, kisha makoloni, kisha safari za kwenda kwenye nyota nyingine, kisha uchunguzi na ukusanyaji wa rasilimali, na mwisho kabisa kucheza wengi pamoja. Ukiipanga orodha hiyo kwa ugumu wa kihandisi utaona kwamba mambo mepesi yamewekwa mwanzoni na mazito mwishoni, ilhali mazito ndiyo yanayopaswa kuamuliwa leo, katika namna gemu linavyotunza muda, mahali na hali ya kila chombo.

Chukulia makoloni. Katika gemu la kwanza, chombo kilicho zaidi ya kilomita mbili na nusu kutoka kwako angani hakihesabiwi kipande kwa kipande. Kinabaki kuwa nukta inayofuata mstari wa obiti, na injini yake haiwezi kuwaka usipokuwepo. Koloni linalochimba madini na kupokea mizigo wewe ukiwa sayari nyingine linahitaji gemu linaloendelea kufanya kazi mahali usipotazama. Kwa hiyo nitakachokitafuta Ijumaa katika video za wengine, kwa kuwa mashine yangu haifiki hata kizingiti, ni hiki: mtu awashe injini dhaifu ya safari ndefu, aharakishe muda, ahamie chombo kingine, kisha arudi kuona kama kile cha kwanza kimeendelea kuongeza kasi. Kikiwa kimeendelea, msingi upo na tunaweza kuvumilia fremu, yaani picha, 20 kwa sekunde. Kikiwa kimesimama, basi hata fremu 120 hazitanishawishi.

Bei ni dola 49.99, nayo imeelezwa kwamba itapanda gemu litakapokamilika. Kwa shilingi ya Tanzania ni zaidi ya laki moja na kumi elfu. Mnasemaje?

#2, Mchangiaji wa pili, 19 Februari 2023

Mkuu, nashukuru kwa uchambuzi, lakini ruhusu nikupinge kwa heshima. Unalipima gemu la pili kwa hali ya mwisho ya gemu la kwanza, na huo si ulinganifu wa haki. Mimi nililianza la kwanza zamani, wakati ambao vyombo viwili havikuwa na njia ya kuungana angani. Uwezo huo ulikuja mwishoni mwa 2012, na mfumo wa kukusanya sayansi haukuwepo hadi Oktoba 2013. Toleo namba 1.0 lilitoka Aprili 2015, takriban miaka minne baada ya mwanzo. Katika kipindi hicho tulipoteza mafaili ya hifadhi mara nyingi, tulirusha roketi zilizopindika kama tambi, na hakuna aliyedai kuibiwa. Gemu lilikua mikononi mwetu, na nadiriki kusema kwamba kukua huko ndiko kulikojenga jamii hii yote ya wachezaji.

Kuhusu hicho unachokiita msingi, sidhani kama watu waliopewa jina kubwa namna hii, wenye kampuni kubwa ya magemu ya Take-Two nyuma yao tangu iliponunua haki za gemu mwaka 2017, wangeacha kulifikiria jambo ambalo wewe na mimi tumelifikiria tukiwa tumekaa sebuleni.

#3, Mtoa mada, 19 Februari 2023

Kaka, hoja yako ya historia naikubali isipokuwa sehemu moja. Mwaka 2011 Squad walitoa gemu bure na hawakuwa wametuahidi lolote. Kila kilichoongezwa kilikuwa zawadi. Safari hii gemu lilitangazwa Agosti 2019 kwa ahadi ya kutoka 2020, likasogezwa mbele mara kwa mara, likahamishwa kutoka studio ya Star Theory kwenda studio mpya ya Intercept Games mwaka huohuo wa 2020, na leo linauzwa kwa bei inayokaribia ile ya gemu lililokamilika. Mtu akikupa embe bichi bure unatafuta chumvi na pilipili. Akikuuzia kwa bei ya embe bivu, ni lazima ulibonyeze kwanza.

Kuhusu ukubwa wa kampuni, Star Theory wenyewe, walipokuwa bado wanaitwa Uber Entertainment, ndio walioweka gemu lao la Planetary Annihilation sokoni mwaka 2013 kama toleo la mapema kwa takriban dola 90. Sisemi walikosea kisheria. Nasema bei kubwa haikuwahi kuwa ushahidi wa ukamilifu.

#4, Mchangiaji wa tatu, 20 Februari 2023

Naomba niongeze jambo kwenye hoja ya msingi, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu na suala hili linaweza kuhesabiwa kwenye karatasi bila kusubiri Ijumaa.

Kraken si mzimu, ni hesabu. Unity, programu ya kutengenezea magemu ambayo gemu la kwanza lilijengwa juu yake na la pili pia, hutunza mahali pa vitu kwa namba za desimali za biti 32, ambazo hubeba takriban tarakimu saba zenye maana. Ukiweka kitovu cha vipimo katikati ya Kerbin, yenye nusu-kipenyo cha kilomita 600, basi roketi iliyosimama juu ya ardhi inaweza tu kuwekwa kwenye ngazi zilizoachana kwa sentimita 6 hivi. Kipande hakiwezi kukaa katikati ya ngazi mbili, kwa hiyo kinaruka, kiungo kinavutika, hesabu inajaribu kukirudisha, nacho kinaruka tena. Ukifika kwenye sayari ya Jool, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita milioni 68 kutoka kwenye jua lao, ngazi hizo zinafikia kilomita 8. Ndiyo maana gemu la kwanza liligeuza mambo: chombo chako kinabaki kwenye kitovu na ulimwengu mzima unasogezwa kukizunguka, huku obiti zikitunzwa kwa namba za biti 64.

Kwa mfumo wa jua moja dawa hiyo inatosha kabisa, kwani namba ya biti 64 huko Jool ina ngazi ndogo kuliko unene wa unywele. Sasa nendeni kwenye nyota nyingine. Mwaka mmoja wa nuru ni takriban kilomita trilioni 9.46, na katika umbali huo hata biti 64 zinakupa ngazi za mita 2. Huwezi kuunganisha vyombo viwili kwa rula yenye alama kila baada ya mita mbili. Suluhisho lipo, nalo ni kila nyota kuwa na kitovu chake na chombo kukabidhiwa kutoka kitovu kimoja hadi kingine, lakini makabidhiano hayo lazima yaandikwe ndani ya mfumo wa obiti na wa mafaili ya hifadhi tangu mwanzo. Hakuna anayeyabandika mwaka wa tatu kama kiraka.

Jambo la kucheza wengi pamoja ni gumu zaidi, na hapo tatizo si la namba. Mimi nataka kuharakisha muda kwa siku mia kadhaa za Kerbin ili nifike sayari ya Duna, na wewe wakati huohuo uko sekunde kumi kabla ya kutua kwenye Mun, mwezi wa Kerbin. Saa ya nani itafuatwa? Viongezo vilivyoandikwa na wachezaji kwa ajili ya gemu la kwanza vilijaribu kulijibu swali hili kwa njia tofauti, na kila jibu lilimnyima mtu kitu. Sijasoma maelezo yoyote ya watengenezaji yanayosema wamechagua jibu gani.

#5, Mchangiaji wa nne, 20 Februari 2023

Ndugu zangu, mnazungumza mambo ya nyota wakati mimi bado nahesabu bando. Gemu linataka nafasi ya GB 45 kwenye diski. Steam, duka la mtandaoni linalouza gemu hili, inaruhusu kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 iwapo hujacheza zaidi ya saa mbili, na watu wanasema basi tununue, tujaribu, tusiporidhika turudishe. Dola zitarudi, naam. Bando halirudishwi na mtu.

Isitoshe, saa mbili kwenye gemu hili si kitu. Mgeni huzimaliza akiwa bado anatafuta kwa nini roketi yake inageuka kichwa chini. Kama ni lazima mtu ajaribu, nashauri asipoteze muda kwenye mafunzo: ajenge mara moja roketi yenye vipande zaidi ya 100, airushe akitazama ardhini na kisha angani ili aone fremu zinabadilikaje, ahifadhi, afunge gemu kabisa, alifungue tena na kupakia faili lile. Mambo yote hayo yanawezekana ndani ya dakika 50.

#6, Mchangiaji wa tano, 21 Februari 2023

Wakuu, tangu jana zimeanza kuonekana video za watu walioalikwa kulicheza katika kituo cha ESTEC cha Shirika la Anga la Ulaya, huko Noordwijk nchini Uholanzi. Nimetazama kadhaa hadi usiku wa manane. Muziki ni mzuri mno, mwonekano wa Kerbin kutoka angani unavutia, na kuchora njia ya safari kumekuwa rahisi kuliko zamani. Hata hivyo, roketi kubwa zinaburuza fremu chini kwenye mashine ambazo hakuna kati yetu anayezimiliki, viungo bado vinanesa, na joto la kurudi kwenye angahewa halipo kabisa: unashuka kwa kasi ya obiti na chombo hakiungui. Kwa gemu linalojisifu kwa fizikia, hilo limenishangaza kuliko fremu.

Nikiwa mtu wa Malindi nimefurahi pia kuona kituo cha kurushia bado kiko karibu kabisa na ikweta ya Kerbin. Wazee wetu waliona sababu yake kwa macho pale Ghuba ya Ngwana, ambako Waitaliano walirusha setilaiti iitwayo Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini: dunia yenyewe inakusukuma kuelekea mashariki kwa zaidi ya mita 460 kwa sekunde kabla hujawasha chochote. Samahanini kwa kutoka kidogo nje ya mada.

#7, Mchangiaji wa pili, 21 Februari 2023

Nimeziona pia. Nakubali kwamba joto kukosekana ni pengo kubwa, lakini mimi bado nitanunua. Ninyi mnataka hakikisho, nami nataka kuwepo likiwa bado bichi, kama nilivyokuwepo kwa la kwanza. Tofauti yetu huenda ni hiyo tu.

#8, Mtoa mada, 22 Februari 2023

Na ni tofauti ya halali, kaka. Anayejua anachonunua hajadanganywa. Ombi langu kwa wengine ni msome kile kisanduku ambacho Steam yenyewe huweka juu ya kila gemu la aina hii, kinachosema kwa lugha rahisi kwamba kama hali ya sasa ya gemu haikusisimui, basi subiri uone litakavyoendelea. Hakisemi utazame mpango wa miaka ijayo. Niliwahi kununua gemu moja la kilimo, ambalo studio yake sitaitaja, kwa sababu ya picha za trekta ambazo zingekuja baadaye. Nililima kwa jembe la mkono miezi kumi na minne, kisha studio ikanyamaza. Tangu siku hiyo nalipia kilichopo kwenye diski.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kusubiri hadi mtu aniambie kuhusu ile injini inayowaka bila kutazamwa. Nitakuwa hapa Ijumaa usiku.

#9, Mchangiaji wa tatu, 25 Februari 2023

Mtoa mada, swali lako limejibika. Injini inawaka muda ukiharakishwa, na chombo ulichokiacha kinaendelea kuongeza kasi. Kwa hiyo kuna mtu aliyefikiria msingi. Mengineyo ni kama ilivyohofiwa: fremu zinaanguka ukitazama ardhi, viungo vinanesa, na njia za obiti mara nyingine zinabadilika bila chombo kuguswa. Hilo la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini, kwa kuwa liko ndani ya msingi huohuo tunaousifu.

#10, Mchangiaji wa pili, 7 Julai 2024

Naufukua uzi huu kwa sababu nilimwambia mtoa mada kwamba kampuni kubwa isingeacha jambo kama hili lining'inie.

Sayansi ilikuja tarehe 19 Desemba 2023, pamoja na joto la kurudi kwenye angahewa, na kwa wiki chache tulidhani mambo yamenyooka. Mwendo wa gemu ulikuwa umeboreka sana kuliko siku ya kwanza, hata kadi zilizo chini ya ile 2060 zikawa zinajikongoja. Kwa hilo ulikuwa sahihi, grafiki ndiyo iliyopungua kwanza. Makoloni hayajafika. Taarifa rasmi iliyowasilishwa katika jimbo la Washington, Marekani, ilieleza kufungwa kwa ofisi ya Take-Two ya Seattle na kuondolewa kwa wafanyakazi 70 kufikia tarehe 28 Juni, na mwezi huohuo likatoka toleo 0.2.2. Ukurasa wa Steam bado unalitaja kuwa toleo la mapema, mpango wenye nyota nyingine bado umebandikwa pale, na bei ni ileile ya dola 49.99.

Jana nilifungua gemu la kwanza. Kituo changu kinachozunguka Minmus, mwezi mdogo wa Kerbin, nilichokijenga mwaka 2016, kina vipande 312 na fremu 14 kwa sekunde. Kilitetemeka kidogo kilipopakiwa, kisha kikatulia.

#11, Mtoa mada, 7 Julai 2024

Tupia picha ya kituo, kaka. Na usisogeze chombo chochote karibu nacho.